Kyela inauza jina, soko linataka cheti

BEI ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 za Marekani kwa tani mwaka 2024, ikakaribia dola 12,000 mwezi Desemba mwaka huo, kisha ikateremka katika mwaka 2025. Wafanyabiashara wa Kyela na Rungwe wanalijua somo la mabadiliko ya namna hiyo. Bei inapopanda, mnunuzi hugombea mzigo na maswali yake huwa machache. Bei inaposhuka, mnunuzi yule yule huanza kuchagua: anauliza unyevu, anauliza ukungu, anauliza mabaki ya viuatilifu, na muuzaji anayeshindwa kumjibu ndiye wa kwanza kukatwa bei.

Maswali hayo hujibiwa na maabara. Hata hivyo, katika mazungumzo ya biashara ya ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, maabara ya kituo cha serikali cha kilimo hutajwa kwa nadra, kana kwamba ni shughuli ya wasomi isiyowahusu wenye maghala, wenye mashine za kukoboa mpunga na wenye maduka ya pembejeo. Mtazamo huo unawagharimu. Maabara ya kilimo ni sehemu ya soko kama ilivyo mizani, na wafanyabiashara wa Kyela wana kila sababu ya kuidai, kuitumia na kuilipia.

Chimbuko ni biashara

Wanaodhani maabara hizi zilianzishwa kwa ajili ya vitabu wataangalie historia yake. Kituo cha kwanza cha serikali cha majaribio ya kilimo chenye maabara ya kemia kilianzishwa Möckern, karibu na mji wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1851. Nchini Marekani msukumo ulikuwa wizi mtupu. Katika miaka ya 1850 mkemia Samuel Johnson alipima mbolea zilizokuwa zikiuzwa katika jimbo la Connecticut, akaonyesha kwamba baadhi ya mifuko ilikuwa na thamani ndogo mno ikilinganishwa na bei yake. Wakulima na wauzaji waaminifu walimuunga mkono, na mwaka 1875 jimbo hilo likawa la kwanza nchini humo kuwa na kituo cha serikali cha majaribio ya kilimo. Kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kupima mbolea.

Hata kipimo cha naitrojeni kinachotumika katika maabara nyingi za kilimo hadi leo kilitoka kiwandani. Johan Kjeldahl alikibuni mwaka 1883 akiwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Mwenye kiwanda alitaka kujua ananunua nini anaponunua nafaka, na mkemia akampa jibu.

Tanzania nayo ina historia yake. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, ikiwa na maabara ya kemia. Katika utawala wa Waingereza kituo hicho kilikuwa na mkemia wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne. Mwaka 1935 Milne alitoa wazo lililoenea duniani kote, kwamba udongo wa mahali hauwezi kueleweka kwa kuchimba shimo moja. Mtafiti afuate mteremko mzima kutoka kilimani hadi bondeni, kwa sababu kila hatua ya mteremko ina udongo wake, na udongo wa juu huulisha ule wa chini. Wazo hilo lililozaliwa Afrika Mashariki ni kama lilitungwa kwa ajili ya Kyela.

Kutoka Rungwe hadi ziwani

Mfanyabiashara anayeteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela anapita katika mteremko wa aina hiyo hiyo. Juu kuna udongo wa majivu ya volkano ya Mlima Rungwe, wenye migomba, chai na kahawa. Chini, katika mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, kuna tambarare iliyojengwa kwa tope la mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Huko ndiko kwenye mpunga, kakao na michikichi, na mvua kubwa inayofurisha mito hiyo karibu kila masika.

Tofauti hiyo ina maana ya fedha kwa muuza pembejeo. Udongo wa majivu ya volkano hushika fosforasi kwa nguvu, kiasi kwamba mbolea ya fosfeti inaweza kuwekwa shambani na mmea usipate sehemu kubwa yake. Katika jaruba lililojaa maji hali hubadilika. Hewa hutoweka kwenye udongo, madini ya chuma huyeyuka, na fosforasi iliyokuwa imefungwa huanza kuachiliwa. Chuma hicho hicho kikizidi huugeuza mpunga kuwa na majani yenye madoa ya kutu, na mkulima akadhani ni ugonjwa, akaenda kununua dawa isiyo na kazi.

Naitrojeni nayo ina tabia yake. Mbolea ya CAN, inayopendwa kwa mahindi ya Mbozi na Mbeya, ina nusu ya naitrojeni yake katika umbo la naitreti. Ndani ya jaruba lenye maji, bakteria huigeuza naitreti hiyo kuwa gesi ikapotelea hewani. Mkulima wa mpunga anayeuziwa CAN aitumie katika maji analipia mfuko mzima na kubakiwa na sehemu tu. Kwa jaruba, wataalamu hushauri Urea au salfeti ya amonia, maarufu kwa jina la SA. Mwenye duka anayejaza ghala kwa kuiga maduka ya nyanda za juu atauza msimu wa kwanza. Msimu wa pili wateja wake watasema mbolea yake ni feki, wakati mbolea ilikuwa halali ila haikuwa ya mahali pale.

Hapo ndipo maabara ya kituo cha utafiti inapoingia. Kituo kinachohudumia Nyanda za Juu Kusini ni Uyole, katika Jiji la Mbeya, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kwa masuala ya udongo kitaifa kuna kituo cha Mlingano, mkoani Tanga. Kazi ya maabara ya udongo haina siri: udongo hukaushwa, huchekechwa, hupimwa uchachu wake, kisha hupimwa naitrojeni, fosforasi, potasiamu na mboji. Majibu yake yanamwambia mkulima anunue nini, na yanamwambia muuzaji aagize nini. Majibu ya kata ya Ipinda hayawezi kutumika Busale bila kupimwa upya, na hilo ndilo Milne alilosema miaka tisini iliyopita.

Bei ya mfuko na bei ya chakula

Wakati ruzuku ya mbolea ilipoondolewa hatua kwa hatua hadi katikati ya miaka ya 1990, biashara hiyo iliachiwa watu binafsi, na ujuzi wa kusoma mfuko ukawa mtaji. Ruzuku ilirudishwa kwa mpango mpya katika msimu wa 2022/23, lakini hesabu haijabadilika. Kinachonunuliwa ni chakula cha mmea kilichomo ndani ya mfuko, na uzito wa mfuko hauonyeshi kiasi chake.

Mfuko wa Urea wa kilo 50 wenye asilimia 46 ya naitrojeni una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa SA wa kilo 50 wenye asilimia 21 una kilo 10.5 tu. Tuseme, kwa mfano, Urea inauzwa Sh 70,000 na SA Sh 45,000. Mteja ataona SA ni rahisi. Kwa hesabu ya kilo ya naitrojeni, Urea inamgharimu Sh 3,043 na SA Sh 4,286. Lakini SA ina pia kilo 12 za salfa. Kama shamba lina upungufu wa salfa, bei hiyo ni halali; kama halina, mkulima amelipia asichohitaji. Hakuna njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili isipokuwa kupima udongo.

Maabara ina kazi nyingine katika biashara hii, nayo ni kuthibitisha kwamba kilichoandikwa kwenye mfuko ndicho kilichomo. Usimamizi wa kisheria uko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, chini ya sheria ya mwaka 2009. Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kuukwepa ukaguzi huo. Anayeumizwa na mbolea iliyochakachuliwa kabla ya mkulima ni yeye, maana anashindana na mtu anayeuza mchanga kwa bei ya chini.

Maji yanayouzwa kwa bei ya kakao

Katika kakao hesabu ni kali zaidi, kwa kuwa kilo moja ina thamani kubwa. Kiwango cha kimataifa hakitaki kakao kavu izidi unyevu wa asilimia 8, na wanunuzi wengi hutaka asilimia 7.5. Tani moja yenye unyevu wa asilimia 10 ina kilo 900 za kakao halisi na kilo 100 za maji. Ikikaushwa hadi asilimia 7.5 inabaki kilo 973. Mnunuzi aliyepokea tani hiyo kwa kuitazama kwa macho amenunua kilo 27 za maji ya ziada. Kwa bei ya mfano ya Sh 10,000 kwa kilo, amepoteza Sh 270,000 katika tani moja, na Sh milioni 2.7 katika lori la tani kumi.

Mnunuzi mzoefu hakubali kupoteza hivyo. Anajikinga kwa kushusha bei ya wote, na mwenye kakao iliyokaushwa vizuri analipia uzembe wa jirani yake. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya soko lisilopima: inawaadhibu wanaofanya vizuri. Ndiyo sababu pia biashara ya kununua kakao mbichi, inayojulikana Kyela kwa jina la njemke, inaharibu zaidi ya bei ya mkulima mmoja. Kakao iliyokusanywa mbichi kutoka mikono mingi, ikavundikwa kwa siku zisizolingana, haiwezi kuwa ya daraja moja hata ikipangwa katika magunia mapya.

Kipimo cha daraja chenyewe ni rahisi. Punje 300 hukatwa kwa urefu na kuhesabiwa: zenye ukungu, zile za rangi ya kijivu ambazo hazikuvundikwa, zilizotobolewa na wadudu. Katika daraja la kwanza la kimataifa kila kundi la kasoro halitakiwi kuzidi asilimia 3. Kazi hiyo inaweza kufanyika katika ghala la chama cha msingi kwa kisu na meza. Lakini kipimo cha unyevu hutegemea mashine, na mashine hudanganya isiporekebishwa mara kwa mara dhidi ya tanuri la maabara. Mizani ya ghala hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mashine ya unyevu, inayoamua fedha nyingi vile vile, inahitaji mkaguzi wake.

Kadimi na sokoni Ulaya

Yapo mambo ambayo kisu na meza haviwezi kuyaona. Tangu tarehe 1 Januari 2019, Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa madini ya kadimi katika chokoleti na unga wa kakao. Kwa chokoleti yenye nusu au zaidi ya kakao kavu, ukomo ni miligramu 0.80 kwa kilo. Kwa unga wa kakao unaouzwa kwa mlaji ni miligramu 0.60. Kadimi huingia katika mti kutoka kwenye udongo, hasa udongo wenye uchachu, na baadhi ya mbolea za fosfeti nazo huwa na kadimi. Maeneo kadhaa ya Amerika ya Kusini yamepata taabu kubwa kwa sababu hiyo, na wanunuzi wakaanza kudai vipimo vya kila mzigo kutoka huko.

Ukomo huo unahusu bidhaa iliyokamilika, wala si punje ya ghalani. Lakini mwenye kiwanda cha Ulaya huuhamishia kwa muuzaji wa punje kupitia mkataba. Kwa Kyela, ambayo kakao yake imejengewa jina katika soko la kilimo hai, jambo hili halingoji. Mnunuzi wa kilimo hai hulipa zaidi kwa sababu ya imani, na imani hiyo huvunjwa na karatasi moja ya maabara inayoonyesha mabaki ya kiuatilifu. Mabaki hayo si lazima yatoke shambani. Gunia lililobeba mazao yaliyopuliziwa dawa, au ghala lililofukizwa, yanatosha kuharibu mzigo wa wakulima mia ambao hawajawahi kugusa bomba la dawa.

Mfanyabiashara anayetaka kuwa salama anahitaji takwimu zake mwenyewe kabla ya mnunuzi kumletea za kwake. Anayeingia mezani na majibu ya udongo na punje kwa kila kata anajadili bei. Anayeingia mikono mitupu hupokea atakachoambiwa.

Mchele wa Kyela usiotoka Kyela

Katika masoko ya Dar es Salaam, kibao cha "Kyela" huongeza bei ya mchele. Kila muuzaji anajua pia kwamba mchele unaouzwa kwa jina hilo si wote uliowahi kuiona Kyela. Mingine ni mchanganyiko, kilo chache za mchele unaonukia zikitupiwa katika gunia la mchele wa kawaida. Mlaji hupata harufu anapofungua gunia, akaikosa sufuriani.

India na Pakistan zilikutana na tatizo hilo katika basmati. Uchunguzi wa Mamlaka ya Viwango vya Chakula ya Uingereza uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba karibu nusu ya sampuli zilizouzwa kwa jina la basmati zilikuwa na mchele wa aina nyingine ndani yake. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wenyewe wa Uingereza walikubaliana kanuni: mchanganyiko usizidi asilimia 7. Kilichowafikisha hapo ni maabara. Kabla ya kipimo, kila mtu alimshuku mwenzake na hakuna aliyeweza kuthibitisha neno.

Harufu ya mchele nayo inapimika. Inatokana hasa na kemikali moja ambayo mashine ya maabara huweza kuitambua hata ikiwa kidogo sana, na ambayo hupungua mpunga unapokaushwa kwa joto kali au mchele unapokaa muda mrefu ghalani. Maana yake ni kwamba hata mchele halisi wa Kyela unaweza kupoteza thamani yake mikononi mwa mwenye ghala mzembe. Kipimo cha maabara kingemlinda mzalishaji dhidi ya waigaji, na kingemkumbusha mwenye mashine kwamba jina la Kyela ni mali inayoharibika.

Mawese nayo yamo katika hesabu hii. Tunda la mchikichi likichubuka na kulala siku kadhaa kabla ya kuchemshwa, asidi huru huongezeka ndani ya mafuta. Biashara ya mafuta ghafi kwa kawaida haitaki izidi asilimia 5. Yanayozidi huishia kwa watengeneza sabuni kwa bei ya chini. Kipimo cha asidi hiyo ni miongoni mwa vipimo rahisi kabisa katika kemia, na mkamuaji anayekijua atabadilisha ratiba yake ya kuvuna kabla ya kubadilisha mashine.

Nani alipe

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni gharama. Wanasema wakulima wadogo hawana uwezo, na wafanyabiashara hawana sababu ya kulipia kazi ya serikali. Hoja hiyo ina ukweli wa nusu. Ni kweli kwamba mkulima wa ekari mbili hawezi kulipia kipimo cha kadimi. Lakini hakuna anayemtaka alipe peke yake. Kakao ya Kyela hupitia vyama vya msingi, ghala na mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Njia ya kukusanya mchango tayari ipo, na makato ya aina mbalimbali tayari yanakatwa katika kila kilo. Shilingi chache zikitengwa wazi kwa ajili ya kipimo, na hesabu zake zikasomwa mbele ya wanachama, zitalipa sampuli nyingi kuliko bajeti yoyote ya safari za wataalamu.

Hoja ya pili ni kwamba maabara binafsi zinatosha. Zina nafasi yake, hasa kwa mzigo ulio tayari kusafirishwa. Lakini maabara binafsi hupima anacholipia mteja na kumkabidhi majibu yake. Haitapima udongo wa Kajunjumele kwa miaka kumi mfululizo kuona unakokwenda. Kazi ya kuweka kumbukumbu za muda mrefu haina mteja mmoja, nayo ndiyo kazi ya kituo cha serikali. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na udongo ni mali kubwa kuliko zote zilizoko Kyela.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: kwamba maabara za umma huchelewesha majibu, hukosa kemikali au hukaa na mashine mbovu. Mfanyabiashara hawezi kusubiri majibu hadi msimu uishe. Hapo serikali nayo ina deni. Anayetoza ada atangaze bei ya kila kipimo na siku za kungoja, na ada hiyo ibaki maabara kununua kemikali badala ya kupotelea katika mfuko mkuu. Aidha maabara inayotaka cheti chake kiheshimiwe nje ya nchi lazima ipate ithibati ya kimataifa kwa vipimo husika. Katika ukanda huu ithibati hiyo hutolewa, pamoja na wengine, na shirika la SADCAS lenye makao yake Gaborone, Botswana. Bila ithibati, mzigo utapimwa upya bandarini kwa mnunuzi, na muuzaji atalipa mara mbili.

Sampuli kwanza

Jambo moja linasahaulika mara kwa mara. Mashine bora duniani haiwezi kusahihisha sampuli mbaya. Mkulima akichota udongo wa kando ya njia, au karani akichota kakao ya gunia moja lililo mlangoni, majibu yatakuwa sahihi kwa kile kilichopimwa na ya uongo kwa mzigo. Utaratibu unaofuatwa kimataifa ni kuchukua kakao kutoka walau gunia moja katika kila matatu, juu, katikati na chini, kisha kuchanganya na kugawa.

Sampuli hiyo igawanywe mara tatu na kufungwa kwa lakiri mbele ya pande zote: moja ya muuzaji, moja ya mnunuzi, na ya tatu iwekwe kwa ajili ya ugomvi. Hatua hiyo haihitaji mashine mpya wala mfadhili. Inahitaji vijana waliofundishwa katika kila ghala, na gari moja la kupeleka sampuli Uyole kwa siku maalumu badala ya kila mtu kupanda basi na mfuko wa udongo mapajani kwa safari ya zaidi ya kilomita 100.

Hofu ya majibu

Chini ya hoja zote hizo kuna hofu isiyosemwa. Baadhi ya wafanyabiashara hawataki kipimo kwa kuwa kinaweza kuleta habari mbaya. Itakuwaje ikionekana kwamba kata fulani ina kadimi nyingi, au ghala fulani lina sumukuvu?

Jibu limo katika yaliyotokea mpakani Namanga. Tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu. Malori yalikwama na wanunuzi wakatoweka. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa ni cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu hiyo. Wenye mahindi safi walikwama sawasawa na wenye mahindi mabovu, kwa sababu hawakuwa na karatasi ya kuwatofautisha. Wakazi wa Kyela walionja hali ya kufungwa kwa biashara mwaka 2025, Malawi ilipozuia bidhaa kadhaa za kilimo ukiwemo mchele, na Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi kwa siku chache. Mgogoro huo ulikuwa wa sera zaidi kuliko wa kemia. Hata hivyo ulionyesha jinsi mpaka wa Kasumulu unavyoweza kufungwa ghafla, na kwamba kila kisingizio kinachoweza kuondolewa mapema ni faida kwa anayesafirisha.

Kipimo hakiongezi kadimi katika udongo wala ukungu katika punje. Kinachobadilika ni nani anayejua kwanza. Muuzaji akijua kwanza, anaweza kutenga mzigo, kutafuta mnunuzi mwingine, kubadilisha mbolea au kurekebisha uchachu wa udongo kwa chokaa. Mnunuzi akijua kwanza, anarudisha kontena.

Kwa hiyo wenye maghala, vyama vya msingi na wauza pembejeo wa Kyela hawana haja ya kusubiri agizo kutoka Dodoma. Kabla ya msimu ujao wa mnada wakubaliane juu ya mambo manne: makato ya kipimo yenye hesabu ya wazi, watu wa kuchukua sampuli katika kila ghala, siku ya gari la kwenda Uyole, na daftari moja la wilaya ambalo majibu ya udongo ya kila kata yataandikwa ili yeyote aweze kuyasoma. Majibu ya mzigo wa mtu yabaki yake aliyelipa. Majibu ya udongo ni ya wote, kwa kuwa mto ukifurika haubagui shamba la nani unalichukua tope na kulipeleka kwa nani.